Mngojezi wa Uani

Nchi ya Kimyani haimo katika ramani yoyote, na asiyetaka kuamini asiamini. Waliofika wanaijua, na Bi Sikudhani binti Haji ni mmoja wao. Alivyosafiri si habari ya kutuchelewesha. Alifika amechoka, miguu imevimba, kikapu kichwani, kwa sababu katika dunia nzima ni Kimyani tu ambako sauti za walio mbali hutua. Upepo wa kule una tabia hiyo. Neno likisemwa ng'ambo ya milima, huvuka juu ya vilele na kushuka uani mwa nyumba ya yule aliyekusudiwa.

Naye Bi Sikudhani alikuwa na mtu ng'ambo ya milima. Mwanawe wa pekee, Raya, aliolewa huko, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza iliyokwisha kuingia mwezi wake. Mvua zilikuwa zimechukua daraja. Mama hakuweza kwenda, binti hakuweza kuja, na wakunga wa kule walikuwa wanawake wema wenye lugha ambayo Raya hakuielewa. Kwa hiyo, kupitia kwa msafiri wa mwisho kuvuka, alimwomba mama yake kitu kimoja. Nenda Kimyani, mama, ukae huko. Uchungu ukinianza nitakuita. Nataka nisikie sauti yako tu, hayo mengine nitayaweza.

Mgeni akifika Kimyani hupewa nyumba, jiko na mngojezi. Mgeni mwenyewe hasikii kitu ila upepo. Wenyeji ndio waliojaliwa masikio. Mngojezi huketi uani, nyuma ya nyumba, akasikiliza. Neno likitua hulitoa kinywani mwake kwa sauti ileile ya aliyelisema: akisema mzee, utasikia mzee, akisema binti, utasikia binti. Ukimjibu, yeye huugeukia mlima akayarudisha maneno yako kwa sauti yako. Mngojezi wa Bi Sikudhani aliitwa Vuai, mtu mzima mrefu mwenye masikio makubwa na aibu nyingi, ambaye alipokea salamu zake kama mtu anayepokea zawadi.

Jiko nalo lina habari yake. Wenyeji wa Kimyani huishi kwa joto la makaa. Kila alfajiri serikali hugawa kipimo kimoja kwa kila nyumba, na wote wanaotumika katika nyumba ile huishi kwa joto hilo mpaka magharibi. Jiko likizimika mapema husinzia pale pale walipo. Aliyekuwa akifagia hulala na ufagio wake.

Bi Sikudhani alidhani atamkuta Vuai peke yake. Alikuta umati. Kulikuwa na mwuza manukato ambaye hakuitwa na mtu. Kulikuwa na mpiga ngoma, na mama mwenye kioo, na bwana aliyesimama kwenye mvua ili atangaze kwamba inanyesha. Mwingine alimfuata nyuma kila aendako akihesabu hatua zake, na jioni akamwambia kwa masikitiko kwamba hazikutosha. Na alikuwako mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kumwuliza kama ameridhika na hao wengine. Wote walikuja na nyumba, na wote walikula makaa.

Alfajiri ya kwanza alikuja afisa wa Ofisi ya Kubana Makaa. Alikuwa Bwana Machano, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na sauti ya chini, mwenye vidole laini kuliko vya mwalimu wa kudarizi. Alimwamkia Bi Sikudhani kwa adabu, kisha akaanza maswali ambayo kila mgeni huulizwa.

"Mwuza manukato aamke na moto unapowashwa, au alale mpaka umtikise?"

"Alale."

"Mpiga ngoma?"

"Alale, baba. Alale sana."

"Mhesabu hatua?"

"Huyo alale mpaka kiama."

Maswali yakaendelea, na ulimi wa Bi Sikudhani ukashika kasi. Langoni mwa nchi ile alikuwa ameombwa ruhusa za kila aina na watu asiowajua, mpaka ya kuchungulia kikapu chake na ya kumwita dada, na wageni wa zamani walikuwa wamemnong'oneza kwamba dawa ya Kimyani ni kukataa. Zaidi ya hayo alikuwa mpika vitumbua tangu ujana wake, na hakuna kitu kilichomuuma kama moto unaowaka bila chungu juu yake. Basi Bwana Machano alipouliza, "Mngojezi aamke na moto?" akasema alale. Alipouliza, "Akiwa nyuma, hatazamwi na mtu, tumlaze?" akasema mlazeni. Alipouliza, "Akiwa na neno akugongee mlango, au akae kimya mpaka umtazame?" akasema akae kimya, nyumba hii imechoka na kelele.

"Uamuzi wa busara," alisema Bwana Machano, naye aliamini hivyo. Akapita uani akamgusa Vuai kwenye kope kwa ncha za vidole. Vuai akalala.

Siku zilizofuata Bi Sikudhani alikuwa na raha ya ajabu. Nyumba ilitulia na makaa yalibaki tele. Kila magharibi, kwa desturi ya nchi ile, watu wote wa mtaa hubeba makaa yaliyobaki wakaenda kuyamwaga mtoni mbele ya macho ya wenzao, maana makaa ya leo hayatumiki kesho, ndiyo sheria. Aliyebakiwa na mengi husifiwa. Bingwa wa mtaa alikuwa Bi Mize, jirani yake, naye mgeni aliyefika miaka mingi nyuma, mwanamke mkavu aliyenyooka kama mchi, ambaye kila siku alimwaga karibu kipimo kizima. Mngojezi wa Bi Mize alikuwa amelala muda mrefu mno hata kuku walikuwa wakitaga mapajani pake.

"Mgeni una mkono mzuri," Bi Mize alimwambia jioni moja. "Wengine hukaa mwaka mzima hawajui kubana."

Bi Sikudhani alirudi nyumbani amevimba kichwa kwa sifa. Alikuwa amefurahi kiasi kwamba hakuona ajabu yoyote katika nchi inayosifia makaa kwa kuyamwaga.

Ila Raya alikuwa kimya. Mwanzoni mama alijipa moyo kwamba kimya maana yake mtoto mzima. Baadaye akaanza kuamka na kutazama milima. Baadaye tena akaanza kumsema Vuai moyoni: lijitu lizima, kulala tu, laiti angekuwa na masikio madogo tukajua moja.

Asubuhi moja alikuwa akifagia uani, na miguu mirefu ya Vuai ikawa njiani. Akamtikisa bega ili ajisogeze. Vuai akafumbua macho, na kabla hajapangusa uso, kinywa chake kikafunguka na sauti ya Raya ikaanza kutoka.

"Mama, shikamoo. Umefika salama?"

Bi Sikudhani aliangusha ufagio. Akafungua mdomo ajibu, lakini sauti haikungoja.

"Mama, ni mimi tena. Mtoto anacheza sana leo. Pumzika, ukiamka unijibu."

"Mama, upo?"

"Mama, nimeota uko jikoni unanigombeza kwa kula vitumbua kabla havijapoa. Niliamka nacheka. Nijibu basi."

"Mama, kuna kitu nilichokukosea? Niambie tu. Sitanuna."

"Haya mama. Nitakaa. Usiku mwema."

Maneno ya siku zote hizo yalikuwa yametoka kwa mkupuo mmoja. Bi Sikudhani aliketi chini kwenye vumbi. Machozi yalimtoka bila sauti, na Vuai, aliyekuwa hajui lolote, akajaribu kuyafuta kwa pindo la shuka lake.

"Kwa nini hukuniambia, Vuai?"

"Nimekwambia sasa hivi, mama. Mara tu yalipotua."

"Yametua siku nyingi. Ulikuwa umelala."

Vuai alifikiri. "Nilifumba macho nikafumbua. Nilidhani nimepepesa tu." Akashika masikio yake kwa mikono miwili, na uso wake ukaanguka. "Aliuliza kama upo, nami nimelala. Mtu aliyelazwa hajui, mama. Ndilo baya lake."

Bi Sikudhani hakuwa na moyo wa kumkaripia. Aliyemlaza ni yeye, kwa kinywa chake mwenyewe. Alimgeuza Vuai aelekee mlima, akamshika mkono.

"Mwambie nipo. Mwambie hajanikosea kitu, mwambie mama yake ni mjinga wa makaa."

Ukapita muda wa upepo kwenda na kurudi. Kisha sauti ya Raya ikatoka, ikilia na kucheka pamoja. "Mama jamani. Nilishaanza kukuombea dua kama marehemu. Usiniache tena kimya hivyo. Bado kidogo tu, naona tumbo limeshuka."

"Sikuachi," alisema Bi Sikudhani, na toka saa ile hakuwa na haja nyingine duniani ila mngojezi wake awe macho Raya atakapoita.

Akaenda kumtafuta Bwana Machano na kumweleza kwamba anafuta majibu yake. Bwana Machano hakukasirika. Alieleza kwamba inawezekana, kwa njia ya madirisha. Kuna dirisha la kuomba mngojezi aamke na moto, ambako hufungwa uzi kwenye kidole gumba cha mguu. Kuna dirisha la kuomba asilazwe akiwa nyuma, ambako hufungwa uzi kwenye kifundo cha mkono.

"Yako wapi?"

"Hapo pana ugumu kidogo," alisema Bwana Machano. Kila mtaa wa Kimyani una mzee wake, na kila mzee huyaweka madirisha apendapo na kuyaita apendavyo. Mtaa wa juu dirisha la kutolazwa huitwa Ulinzi. Mtaa wa chini huitwa Mapendeleo. Mtaa wa sokoni liko ndani ya dirisha jingine, na ili ulione lazima uvute pazia ambalo hakuna anayekwambia kuwa ni pazia. "Kwetu," alimalizia kwa fahari, "halina jina kabisa, ili lisitumike ovyo."

Bi Sikudhani akamshika Vuai mkono wakazunguka mji. Kila karani aliapa kwamba dirisha lake ndilo pekee na kwamba hao wengine hawajui. Mmoja aliwaonya kwa uso wa msiba kwamba mngojezi asiyelazwa aweza kumaliza makaa ya nyumba, akawauliza mara mbili kama wana akili timamu. Njiani Vuai alijieleza kwamba yeye hali makaa mengi. Kusikiliza hula makaa kidogo mno, alisema, ni kusema ndiko kunakokula. Alisema hivyo kama mgeni anayeogopa kuwa mzigo, na Bi Sikudhani akamwambia anyamaze na atembee.

Ili kupata uzi wa pili iliwabidi wapite kwenye Baraza, ambako siku hiyo wakubwa walikuwa wakijadili swali linalojadiliwa Kimyani tangu babu zao: anayengoja, je, anafanya kazi?

"Hafanyi," alisema mjumbe mmoja mnene. "Nimepita nyuani nikawatazama. Wamekaa."

"Lakini akifika anayengojwa?" aliuliza mwingine.

"Hapo atakuwa na kazi. Basi aamke hapo."

"Ataamshwa na nani?"

"Na neno lenyewe, akilisikia."

"Atalisikiaje naye amelala?"

Mwenyekiti akasema swali hilo zito limekwisha kupelekwa kwenye kamati. Bi Sikudhani akauliza kamati iko wapi. Akaambiwa inaketi chumba cha nyuma; na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitazama, maafisa walikuwa wameilaza zamani. Wajumbe walilieleza jambo hili bila haya, na mmoja wao akampa uzi wake ili wapate kwenda kula.

Alirudi nyumbani na Vuai mwenye nyuzi mbili, moja mguuni, moja mkononi, akaona kazi imekwisha. Asubuhi yake Vuai aliamka na moto kama inavyotakiwa. Bwana Machano alipita uani, akaona uzi, akatikisa kichwa kwa huzuni na kuendelea na njia yake. Bi Sikudhani akaingia jikoni kupika, roho imetulia.

Alipotoka jua lilikuwa juu. Vuai alikuwa ameketi ameukodolea macho mlango wa jikoni, mashavu yametuna, jasho linamtiririka, midomo ameibana kwa nguvu zake zote.

"Una nini wewe?"

Kwa kuwa sasa alitazamwa, Vuai akapumua, na sauti ya Raya ikatoka: "Mama, umeamkaje? Nimekula uji wote leo."

"Ameyasema haya lini?"

"Umande ulikuwa haujakauka."

"Na ukakaa nayo mdomoni hivyo?"

"Nilizuiwa kukugongea, mama," alisema Vuai, sauti yake imekauka. "Nilikuwa macho. Nilisikia. Nikakaa nayo."

Bi Sikudhani alimtazama mtu huyu mzima aliyekaa na salamu kinywani tangu asubuhi, asiitafune wala kuiacha ianguke, akamhurumia. Alimpa maji, akavaa viatu vyake, wakaenda kulitafuta dirisha la tatu, la kuomba mngojezi agonge mlango. Walilikuta nyuma ya duka la mikeka. Uzi wa tatu ukafungwa kwenye kidole cha kugongea.

"Sasa yamekamilika?" alimwuliza Bwana Machano.

"Yamekamilika," alisema. "Isipokuwa makaa yakipungua chini ya robo. Hapo nyuzi zote hazina nguvu, tunalaza wote. Mwenye uzi na asiye na uzi."

"Na hapo hakuna njia?"

Bwana Machano alisita, maana hakuna aliyewahi kumwuliza. "Sheria mama ya nchi hii ni kwamba anayetazamwa halazwi. Hiyo haifutwi na robo wala nusu. Lakini ni nani atakayekaa kumtazama mngojezi?"

Siku ilipofika, Vuai aligonga kabla ya chai. Aligonga kwa kidole chenye uzi, mara nyingi na bila mpango, na Bi Sikudhani alitoka na upawa mkononi.

"Mama, imeanza."

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa. Simama, usilale. Tembea ushike ukuta."

Basi wakaanza. Raya alisema, mama akajibu, na Vuai akawa anaugeukia mlima na kugeuka tena, uso wake ukibadilika kwa kila sauti. Uchungu ulipokuja, aliukunja uso wake kama yeye ndiye. Ulipopita alitabasamu kwa tabasamu la Raya, lenye pengo la jino ambalo yeye Vuai hakuwa nalo, au ndivyo Bi Sikudhani alivyoona.

"Mama, wananiambia neno, silijui."

"Litamke."

Vuai alilitamka. Bi Sikudhani naye hakulijua. "Wanafanya nini na mikono yao?"

"Wanaishusha chini polepole. Hivi."

"Basi wanakwambia usisukume bado. Hata wakunga wa kwetu mikono yao husema hivyo. Wasikilize mikono, maneno nitakusikilizia mimi."

Mazungumzo hayo yalikula makaa. Mpaka adhuhuri jiko lilikuwa limeshuka nusu, na jua lilipoanza kuegemea magharibi makaa yalibaki machache chini kabisa, mekundu kwa juu na meusi pembeni. Mtaa mzima ulikuwa umetulia, kila mtu akibana. Ndipo Bwana Machano alipoingia uani, amekunja mikono ya kanzu.

"Samahani sana, Bi Sikudhani. Ni chini ya robo."

Bi Sikudhani hakugeuka. Alikuwa amemkabili Vuai, macho kwa macho. "Sheria mama inasemaje?"

"Anayetazamwa halazwi."

"Namtazama."

Bwana Machano akarudisha mikono yake nyuma, akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alingoja tu Bi Sikudhani apepese macho kwa muda wa kutosha. Lakini moto ulikuwa unafifia, na moto unaofifia unataka kupepewa, na mtu hawezi kupepea jiko na kumtazama mwingine usoni kwa wakati mmoja. Moshi ulimwingia Bi Sikudhani machoni, yakajaa maji, akaona wawili.

"Mama, nimechoka," ilisema sauti ya Raya, na ilikuwa nyembamba, inatoka mbali zaidi. "Mama, siwezi tena."

"Bwana Machano," alisema Bi Sikudhani, bado amekaza macho. "Nataka kupepea. Mtazame wewe."

"Mimi?"

"Una macho. Njoo hapa mbele, umtazame."

Katika kazi yake yote Bwana Machano alikuwa amewalaza wangojezi kwa kuwaendea kutoka nyuma, akinyoosha vidole tu. Hakuwahi kukaa mbele ya hata mmoja. Alikaa. Bi Sikudhani akachukua kipepeo akalivamia jiko, huku nyuma yake sauti ya mwanawe ikisema siwezi, siwezi, na yeye akijibu unaweza, nipo, unaweza. Bwana Machano alitazama, na kile alichokiona kilimfanya asahau kukunjua mikono ya kanzu yake.

Kichwa cha Vuai kilikuwa kinaanza kuinama. Neno lilikatika katikati. "Mama, ma..."

Pale penye ua wa makuti palikuwa pamesimama Bi Mize. Alikuwa amekuja kuona ni nyumba gani hii itakayofika mtoni jioni mikono mitupu. Alitazama jiko, akamtazama Vuai, akageuka akaenda zake. Bi Sikudhani alimwona, na aliumia. Hakuwa na nafasi ya kuumia zaidi.

Mara Bi Mize akarudi. Alikuwa amebeba kigae mikononi kwa kutumia pindo la kanga yake, na juu ya kigae makaa yake, yale ya ubingwa, makubwa, mekundu, karibu kipimo kizima.

"Kwetu zamani tulikuwa tukiombana moto," alisema kwa ukali, kana kwamba kuna aliyembishia. "Sogea."

Bi Sikudhani akamtazama afisa kwa hofu. Bwana Machano hakuondoa macho yake kwa Vuai. Alipekua sheria zote alizokuwa nazo kichwani, na hilo lilimchukua muda.

"Sheria haisemi kitu," alisema mwishowe. "Nadhani hakuna aliyewahi kulifikiria."

Makaa yakamiminwa. Vuai aliinua kichwa, akavuta pumzi ndefu, na Raya akarudi katikati ya kilio chake. Sasa mikono ya wakunga ilikuwa inapanda, alisema, inapanda juu kwa haraka, mama, wanataka nini? "Wanataka usukume," alisema Bi Sikudhani. "Sukuma mwanangu. Sukuma na mimi." Yeye, Bi Mize na Bwana Machano walikaza meno wote watatu.

Kisha Vuai akanyamaza. Alinyamaza kabisa, macho yake yameuelekea mlima. Bi Sikudhani aligusa jiko, lilikuwa la moto. Alimgusa Vuai, alikuwa macho.

Vuai akafungua kinywa, na kinywani mwa mtu yule mrefu wa masikio makubwa kikatoka kilio cha mtoto mchanga.

Kilikuwa kikali, kibichi, kimejaa hasira ya kutolewa mahali pazuri. Kilijaza ua, kikaruka makuti, kikaenda mtaani ambako watu walikuwa wamebana pumzi zao na makaa yao, nao wakatoka milangoni mmoja mmoja. Vuai alilia mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Kisha kilio kikashuka kikawa kwikwi, na nyuma ya kwikwi ikaja sauti nyingine, imechoka, inacheka.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," alisema Bi Sikudhani. Alikuwa amemkumbatia Vuai shingoni na kulia begani pake, maana ndipo mahali palipokuwa karibu zaidi na mwanawe. "Nimekisikia kilio chote."

"Ni wa kike."

"Kwa makelele yale, nilishajua."

Baada ya muda alipangusa uso, akakumbuka wengine. "Bwana Machano, unaweza kuacha sasa. Nitamtazama mimi."

"Bado kidogo," alisema Bwana Machano.

Magharibi ile watu wa mtaa walifika mtoni na vigae karibu vitupu, kwa kuwa kila aliyetoka mlangoni alikuwa amerudi ndani kuchukua kaa moja au mawili ya kumpelekea Vuai, ili Raya na mama yake waendelee kusema. Ofisi ya Kubana Makaa ilifadhaika sana. Kwa tafakuri ya kina ikafungua dirisha la nne, la kuombea ruhusa ya kumpa jirani moto, na kuliweka mahali ambapo mpaka leo hakuna anayepajua. Watu huendelea kupeana bila hiyo.

Lakini Bi Mize hakwenda mtoni. Alikwenda uani kwake. Aliwafukuza kuku, akayaondoa mayai mapajani mwa mngojezi wake moja moja na kuyaweka kwenye majani, akampangusa utando wa buibui usoni kwa kiganja. Akawasha kilichobaki jikoni mwake. Kisha akakaa mbele yake, mahali ambapo angemwona vizuri, na baada ya kukaa hivyo kwa muda akiwa ameshika mikono yake mwenyewe, akamtikisa bega.

Mngojezi akafumbua macho. Alifikiri amepepesa tu.

"Dada," alisema, kwa sauti ya mwanamume ambaye bado ni kijana. "Dada Mize, upo?"

Bwana Machano alikuwa anapita njiani, zamu yake ya mwisho. Kupitia makuti alimwona yule mwanamke mkavu akiinama mbele, amemshika mngojezi mikono yote miwili, akisema nipo, nipo, nipo kuelekea milimani, na sasa wote wawili wamekaa kimya wakisikiliza kama kuna atakayejibu. Makaa yalikuwa machache, chini ya robo kwa mbali. Bwana Machano aliyaona vizuri sana. Akaweka mikono yake nyuma ya kanzu, akasimama pale penye ua, na kuanza kumtazama mngojezi wa Bi Mize.